Maji Yasiyodumu na Mimea Yake

Neno yungiyungi lina mizani nne. Hukaa sawasawa katika nusu ya ukwapi au nusu ya utao, bila kuvutwa wala kukatwa, na mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita hulipenda kama seremala anavyoupenda ubao uliokwisha kupigwa randa. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya ua hili kustawi katika tungo zetu kuliko linavyostawi mabwawani. Neno gugumaji nalo lina mizani nne. Waweza kulitoa lile na kulitia hili, na ubeti usitikisike hata kidogo. Nimelijaribu jambo hilo mezani pangu, nikaona linaogofya, kwa kuwa ndivyo hasa ilivyotokea katika maji ya Afrika Mashariki: gugu lililotoka Amerika ya Kusini lilipendwa kwa uzuri wa maua yake, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa limekwisha kuingia Ziwa Viktoria, likatanda mahali pa wenyeji. Atazamaye kwa mbali huona majani mabichi na maua ya zambarau, akadhani hakuna kilichopungua.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya pekee ya kulionea fahari yungiyungi. Mjerumani Johann Maria Hildebrandt, aliyezunguka pwani hii katika miaka ya 1870 akikusanya mimea, alilichukua la Unguja akalipeleka kwao, na mwaka 1877 mtaalamu Robert Caspary akalipa jina la kitaalamu, Nymphaea zanzibariensis. Tangu hapo jina la kisiwa chetu limeandikwa juu ya vibao vya bustani za Ulaya na Marekani, na damu ya ua letu imo katika mayungiyungi mengi ya buluu yanayouzwa huko kwa wenye vidimbwi vya kujipambia. Siku hizi wataalamu hawalihesabu tena kuwa spishi peke yake. Wanaliweka ndani ya ukoo mpana wa Nymphaea nouchali, ambao huonekana Afrika na kuendelea hadi Asia na Australia. Kwa hiyo, msomaji, usiwe na hofu sana juu yake. Hofu yangu ni juu ya majirani zake, wanaoishi naye katika bwawa lile lile na ambao hakuna mtu aliyewatungia hata kipande cha ubeti.

Niliwafahamu majirani hao kwa njia ya kazi. Watu waliokuwa wakishughulikia mimea ya maji baridi iliyo katika hatari ya kutoweka waliniomba niwatafsirie karatasi moja, itakayosomwa katika mkutano wa kijiji upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Karatasi yenyewe ilikuwa fupi: maelezo ya bwawa moja, mimea mitano ya bwawa hilo, na ombi. Elimu yangu ya mimea ni ya kuokotaokota, kama ilivyo elimu yangu ya lugha, lakini nimejifunza kanuni moja: usitafsiri jina la kitu kilicho hai kabla ya kuwauliza wanaokaa nacho. Nikavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda gari la Kisarawe, na kutoka hapo nikaendelea na safari ya kiasi cha kilomita hamsini kuelekea kusini.

Maneromango si mahali pageni vitabuni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga kituo chao hapo katika miaka ya 1890, na waandishi wengi waliotaka kuwaeleza Wazaramo wamepita njia hiyo. Ni nchi ya vilima vya chini na mabonde mapana, ya mikorosho, mihogo, minazi na miembe, yenye udongo wa kichanga juu na udongo mzito mweusi chini. Mvua huja mara mbili, vuli na masika. Zamani wazee wa Uzaramo walipokosa mvua walipeleka maombi kwa Kolelo, katika milima ya Uluguru. Na kutoka milima hiyo hiyo ndiko unakotoka mto Ruvu, ambao leo hunyweshwa Dar es Salaam. Nalitaja jambo hili kwa kupita tu, ila sioni kama ni dogo. Wale waliopanda mlimani kuomba maji hawakukosea mahali.

Bwawa nililopelekwa halina jina katika ramani. Nilifika mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha, nikaonyeshwa na bibi mmoja mwenye miaka ipatayo themanini, ambaye nilimwita Bi Mkubwa kama tufanyavyo kwetu, naye akaniita mwanangu ingawa nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe. Lilikuwa sahani ya maji tu, pana kama kiwanja cha mpira, na pale katikati maji hayakufika kiunoni. Aliniambia kwamba kufikia Septemba patakuwa pakavu na ng'ombe watapita juu yake bila kulowesha kwato. Mwaka wa vuli nzuri hujaa mara mbili. Mwaka wa vuli mbaya hungojea.

Kosa la wengi wetu, na hasa sisi tuliozoea bahari, ni kudhani kwamba maji yasiyodumu ni maji maskini. Bwawa kama hili lina mimea yake hasa kwa sababu hukauka. Ukame huzuia samaki wakubwa wasikae na kula kila kilichomo. Huzuia matete yasijaze bonde zima. Huzuia gugumaji, ambalo hutaka maji mwaka mzima. Wanaobaki ni wale waliojifunza kungojea. Yungiyungi hungojea kwa kiazi kilichofukiwa topeni. Mmea mwingine, jamii ya kangaga ingawa mtu huweza kuudhania kuwa ni majani ya maharagwe, huelea na majani manne yaliyopangwa msalaba. Wataalamu huuita Marsilea. Huu hutengeneza vifuko vigumu kama mbegu za mtama, na vifuko hivyo vyaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miongo kadhaa, kisha vikaamka vikinyeshewa. Wapo hata samaki wa namna hiyo. Jamii ya Nothobranchius, wadogo kama kidole na wenye rangi za kanga mpya, hutaga mayai topeni, wazazi hufa bwawa likikauka, na watoto hutotolewa na mvua ya mwaka unaofuata. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, ni wa Unguja, na wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya wanamfahamu kuliko tunavyomfahamu sisi.

Wa tatu katika karatasi yangu ndiye aliyenishika. Hauna mizizi. Huelea chini kidogo ya uso wa maji kama uzi uliochambuliwa, na juu yake husimama ua dogo, limeshikiliwa na vibofu vya hewa vilivyopangwa kama miale ya nyota. Ndani ya maji una vifuko vidogo mno, vyenye mlango. Mdudu wa majini akigusa vinyweleo vya mlangoni, kifuko hufunguka, humvuta ndani pamoja na maji, kikajifunga, yote hayo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Darwin aliuandikia mmea wa jamii hii, Utricularia, katika kitabu chake cha mwaka 1875 juu ya mimea inayokula wadudu. Nilimwuliza Bi Mkubwa kama wanao jina lake. Akacheka, akasema huo watoto huuchezea. Kisha akanitajia jina.

Alinitajia na mengine, ya Kizaramo, nami niliyaandika yote daftarini. Siyachapi hapa. Aliniomba niyarudishe kwake yasomwe kwa sauti mbele ya wanawake wengine wawili wa umri wake, kwa kuwa majina mengine, alisema, hubadilika baina ya bonde na bonde, na hataki jina la bonde moja liende mjini likidai kuwa la Uzaramo wote. Nimefanya kazi na wahariri kwa miaka mingi na sijapata kusikia kanuni ya uhariri iliyo bora kuliko hiyo. Aliniambia pia kuwa kiazi cha yungiyungi na mbegu zake vililiwa wakati wa njaa, na kwamba mtu aliyejua kina cha maji aliweza kulisha watoto wakati jirani yake ameshindwa. Elimu hiyo ya bwawa haikuwa pambo.

Mmea wa nne ulikuwa wa jamii ya Aponogeton, wenye majani marefu yanayolala juu ya maji na shada la maua lililogawanyika. Nao huishi kwa kiazi. Nitaupita, nije kwa wa tano, kwa kuwa ndio uliowaleta wenye karatasi.

Ulikuwa mmea mdogo kuliko kidole gumba, uliosimama pembezoni, pale maji yanapokutana na tope. Karatasi haikuwa na jina lake, si la Kizaramo, si la Kiswahili, wala la Kilatini; palikuwa na mstari mtupu. Wataalamu walikuwa hawajakubaliana ni upi. Nilipouliza ugumu uko wapi, walinieleza jambo ambalo mfasiri hulielewa upesi. Mmea hupewa jina kwa kulinganishwa na ule wa asili, yaani jani lile lile lililokaushwa na kubandikwa katika karatasi na mtu wa kwanza aliyeueleza. Na nchi hii, kwa sababu ya ukoloni wa Kijerumani, majani yake mengi ya asili yalipelekwa Berlin. Franz Stuhlmann alikusanya Uzaramo katika miaka ya 1890 na kupeleka huko. Machi 1943 hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua kwa mabomu, na sehemu kubwa ya makaratasi yale ikawa majivu. Kwa hiyo tope la Kisarawe lina kitu kilicho hai, na cheti chake cha kuzaliwa kiliungua katika vita ambavyo haikuvianza Kisarawe.

Kazi kubwa ilifanywa baadaye. Mwaka 1952 wataalamu walianza kuandika orodha kamili ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, wakaimaliza mwaka 2012, miaka sitini, spishi zaidi ya 12,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Imeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini, na nakala zake ziko mahali ambapo Bi Mkubwa hatafika. Nayo IUCN, jumuiya ya kimataifa ya uhifadhi, ilipowapima viumbe wa maji baridi wa bara la Afrika, ilihesabu spishi 5,167 na kukuta kwamba asilimia 21 zimo hatarini. Lakini kuna kundi jingine katika vitabu vyao, la viumbe ambavyo taarifa zake hazitoshi, na hilo ndilo kundi linalonikosesha raha. Mmea usiojulikana ni upi hauwezi kuwekwa katika orodha ya walio hatarini. Usipokuwa katika orodha, hakuna ofisi itakayouliza habari zake, hata siku bwawa lake likifukiwa.

Nchi jirani imetupa mfano wa jambo hili. Kusini magharibi mwa Rwanda, katika chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, lilikuwapo yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Mjerumani Eberhard Fischer alilikuta mwaka 1987. Halikuwahi kuonekana kwingine. Maji ya chemchemi yalielekezwa kwingine kwa matumizi ya kilimo, na kufikia mwaka 2008 ukingo wa tope lilipoota ulikuwa umekauka na ua limekwisha. Lilibaki kwa mbegu na miche iliyokuwa Ujerumani na katika bustani ya Kew, London, na huko Kew kila mche ulikuwa ukifa. Mwaka 2009 Carlos Magdalena aligundua sababu: wote waliupanda ndani ya maji, kama yungiyungi jingine lolote, ilhali hili lilitaka tope lenye maji kidogo, ili majani yapate hewa ya juu. Halikutaka kina. Januari 2014 mtu akaiba mche mmoja kutoka Kew. Na mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa wameliona tena Rwanda, mahali pengine padogo, likiwa hai. Naliona tangazo hilo kuwa la furaha na la kutisha kwa pamoja, kwa kuwa sasa mahali hapo panajulikana. Ndiyo maana, msomaji, sikukutajia kijiji changu cha upande wa Maneromango, wala sitakitaja.

Rudi nami kwenye maneno, maana hapo ndipo nilipokwama kwa wiki mbili. Tunalo neno mbuga. Wazee walilitumia kwa uwanda wa nyasi wenye udongo mweusi unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na wapimaji wa udongo wa Kizungu walilichukua hivyo hivyo katika vitabu vyao. Leo ukimwambia mtoto wa shule mbuga ataona simba, lango na kiingilio. Neno limekauka na maji yake yamesahauliwa. Tingatinga nalo lilikuwa kinamasi. Sasa ni mtambo wa kusukumia udongo, ambao ndio hasa unaofukia vinamasi. Sikubuni mzaha huu. Lugha yenyewe imeufanya bila ya mtu kuituma.

Sheria haikusahau kabisa. Mkataba uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, unayataja maji ya kudumu na ya muda kwa usawa, na mwaka 2002 wanachama walipokutana Valencia, Hispania, walipitisha azimio mahsusi juu ya madimbwi ya msimu. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2000 na imeorodhesha maeneo manne: Malagarasi na Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Ni maeneo makubwa, na yastahili. Lakini bwawa la ukubwa wa kiwanja cha mpira haliwezi kusimama katika safu hiyo. Lililobaki kwake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Nilipokisoma kifungu hicho nikiwa nimesimama pale mwezi Juni, nilijiuliza mita hizo zinapimwa kutoka ukingo upi. Wa Mei? Wa Septemba? Septemba hakuna ukingo. Anayetaka kulima au kufyatua matofali atakuja Septemba.

Wala nchi hii haijasahau nini hutokea maji yakiwa na mwenyewe mgeni. Kuanzia mwaka 2009 kampuni moja ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 vya Kisarawe, ilime mbono wa kutengenezea mafuta ya magari. Mbono wenyewe ni ule tuuitao mbono kaburi, kwa kuwa watu huupanda makaburini. Wanavijiji walilalamika kwamba vyanzo vya maji walivyochota tangu zamani vilikuwa sasa ndani ya shamba. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Kwa hiyo mtu akija leo kijijini na karatasi inayosema bwawa lenu ni la thamani, wazee humtazama vizuri kwanza, na wana haki.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Kichwa cha karatasi kilikuwa kimewekwa kabla sijapewa kazi, nacho kilisema mimea ya bwawa iko hatarini. Mzee mmoja akanyanyua mkono akauliza kama ng'ombe wakiila watakufa. Watu walicheka, ila swali lilikuwa safi kabisa: alisikia hatari, akataka kujua ni hatari ya nani. Nilimwomba mwenyekiti ruhusa, nikasoma upya, nikaliacha neno hatari, nikasema mimea hii ikipotea hapa hatujui kama itapatikana penginepo. Hapo palitokea kimya, kisha kijana mmoja akasimama.

"Mzee wangu," aliniambia kwa adabu, "maji ya bomba ya Ruvu yamefika Kisarawe mjini mwaka 2020, nasi tulifurahi na wenzetu. Hapa mke wangu anaamka saa kumi za usiku. Tumeomba lambo miaka sita. Sasa lambo limekubaliwa, nanyi mnatuletea majani."

Sikuwa na jibu zuri, na sidhani kwamba lipo lililo zuri kuliko swali lake. Mtu anayesema mmea ni bora kuliko usingizi wa mwanamke yule sijui anamtetea nani. Lakini lambo kama lilivyopangwa lilikuwa lichimbwe pale pale katikati ya bwawa, mita tatu kwenda chini, na tope lichotwe na kurundikwa kando. Tope lile ndilo ghala. Ndani yake mna viazi, mna vifuko vya Marsilea, mna mbegu za miaka ya mvua na ya ukame. Huko kaskazini mashariki mwa China, mbegu za ua la majini, lile linaloheshimiwa na Wabuddha, zilichimbuliwa katika ziwa lililokauka, na moja ya kiasi cha miaka 1,300 ikaota ilipopandwa. Mbegu yaweza kungojea muda mrefu kuliko falme. Haiwezi kungojea juu ya rundo la udongo linalochomwa na jua na kubebwa kwa ajili ya matofali.

Aliyeuokoa mkutano ni Bi Mkubwa, naye hakuzungumza juu ya mimea. Alisema lambo la kijiji cha pili lilichimbwa katikati ya bonde, na maji yake yalikaa mwaka mzima na mwaka mzima yakanuka, kwa sababu ng'ombe waliingia humo na hakuna majani ya kuyachuja. Akasema zamani waliteka maji kwa kuchimba shimo upande wa chini, mahali bonde linapojikunja, na maji ya juu yalijipenyeza yenyewe mchangani, yakatoka masafi. Mchimbaji wa visima aliyekuwapo akasema hilo si la kupuuzwa. Basi mabishano yakahama, yakawa ya upande wa chini na gharama ya mabomba ya kunyweshea ng'ombe nje ya lambo, na mimi nikakaa kimya kwa kuwa hayakuwa yangu.

Uamuzi ulipatikana kabla ya adhuhuri, si kwa kauli moja. Lambo litachimbwa chini ya mkunjo. Theluthi ya juu ya bwawa itaachwa ilivyo, ijae na kukauka kwa hiari yake, na mpaka wake upimwe kwa hatua kuanzia ukingo wa masika. Kijana yule alipinga hadi mwisho, akasema mvua ikikosa mwaka mmoja atalirudisha jambo mkutanoni, na mtendaji wa kijiji akaliandika hilo pia katika kumbukumbu. Walipokwisha, watu wanne walikwenda kupima wakati alama ya maji ilikuwa bado inaonekana juu ya nyasi, wakasimika vigingi vya mkarafuu pori. Nilihesabu pamoja nao. Kigingi cha mwisho kilikuwa hatua arubaini na tatu kutoka ulipokuwa ule mmea wa tano.

Karatasi niliirudia usiku ule kwa taa ya simu. Bwawa la msimu nililifuta, nikaandika ziwa la masika, kama Bi Mkubwa alivyoliita. Majina ya mimea minne niliyaacha katika nafasi zake, kwa penseli, mpaka wale wanawake wengine wawili wayasikie. Nakala moja imebandikwa katika ofisi ya kijiji, ukutani, baina ya ratiba ya chanjo na tangazo la bei ya korosho. Wataalamu wamepeleka jani lao kulinganishwa. Mstari wa tano bado mtupu, na nimewaachia nafasi ya kutosha, kwa kuwa jina la Kizaramo laweza kuwa refu.